Laptopu ina grafiki mbili na bado video za harusi zinakwama, niiovakloki (niipandishe spidi kupita ya kiwandani) au nitaiunguza?

mpigapicha_wete
Asalaam aleykum jamani. Mie nipo Wete, kazi yangu kupiga na kuhariri video za harusi. Laptopu nimenunua mtumba Darajani, i5-7300HQ, ramu giga 16, ina grafiki mbili, Intel HD 630 ya ndani ya prosesa na kadi ya NVIDIA, GTX 1050 ya giga 4. Sasa Shaabani hii mnajua wenyewe harusi zinavyofuatana, kila mtu anataka awahi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, mie nina tatu hazijatoka na mama wa bibi harusi mmoja ananipigia kila akitoka kusali laasiri. Nikieka video ya 4K kwenye DaVinci Resolve, programu ninayohariria, inakwama, bibi harusi ananyanyua mguu kushuka garini, mpaka aukanyage mkeka nishamaliza kikombe cha chai. Rafiki yangu kanambia izime Intel kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, NVIDIA ibaki peke yake, nikaizima, maandishi yakawa makuubwa kama bango la duka na NVIDIA yenyewe haikuamka, nikairudisha mbio. Mwengine ananambia niovakloki. Naogopa, sina ya pili.

maalim_umeme
Waaleykum salaam. Alokwambia uzime Intel usimsikilize tena. Laptopu kama hiyo skrini imefungwa kwa Intel, NVIDIA inachora picha halafu inampa Intel aifikishe kwenye kioo, ndo Optimus hiyo, sasa umemfukuza mpeleka barua. Ziache zote mbili. Nenda setingi za Windows, sehemu ya skrini, teremka chini mpaka kwenye grafiki, iongeze Resolve na uichagulie nguvu ya juu. Ndani ya Resolve pia chagua CUDA, njia ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi, na hiyo kadi. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc ifunguke Task Manager utizame mstari upi unapanda, wa Intel au wa NVIDIA. Na chaji iwe imechomekwa, ikiwa kwenye betri kadi inajipunguza nguvu yenyewe.

binti_michenzani
Mpigapicha, kabla hujagusa ovakloki weka HWiNFO, programu ya kusoma joto, utwambie nyuzi ngapi ikiwa kazini.

mpigapicha_wete
Maalim Allah akujaalie, kumbe siku zote ilikuwa inatumia Intel! Nimeihamisha, nafuu kubwa. Lakini ikifika robo saa prosesa nyuzi 94, kadi 86, na spidi ya kadi inashuka toka megahezi 1600 na kitu mpaka 1100. Feni linavuma kama boti ya Mkoani.

binti_michenzani
Basi jawabu unalo. Hiyo spidi iliyokuja nayo toka kiwandani inashindwa kuitumia, ukiiongeza nyengine itakwenda wapi? Ifungue, lakini chomoa kwanza waya wa betri. Yangu nilikuta vumbi limeganda kwenye mapezi ya shaba kama sufi ya mto, nilitoa kwa mkono. Feni lizuie kwa kijiti cha meno unapopuliza, lisizunguke. Futa pesti kavu ya zamani, ile ya kupitishia joto juu ya prosesa na kadi, uweke mpya, kadiri ya punje ya mchele. Mara nyingi prosesa na kadi zinatumia mabomba yale yale ya kupozea, kwa hiyo mmoja akichemka anamchemsha na mwenzake.

kijana_chake
Mie ninayo hiyo hiyo 1050, naovakloki kwa programu ya MSI Afterburner mwaka wa pili huu. Ikishapoa panda megahezi 25 kila mara kwenye spidi ya kadi (core clock), kila ukipanda endesha Unigine Heaven, programu ya kuijaribu kadi, dakika 20. Ukiona vinukta vya rangi au skrini inazima na kuwaka, rudi nyuma hatua mbili. Memori iache mpaka umalize hiyo, na usiiruhusu ijiweke yenyewe laptopu ikiwaka mpaka uiamini, maana ikikataa unazima tu ukiwasha kila kitu kimerudi. Volteji haigusiki kwenye laptopu nyingi na ndo salama yako, usende kutafuta bayosi (programu ya ndani ya kadi) zilobadilishwa na wajuaji.

maalim_umeme
Faida yenyewe fremu chache tu. Kwa kuhariri bora utengeneze proksi, nakala nyepesi za video, ukate kwa hizo, ukitoa kazi ya mwisho Resolve itachukua za 4K yenyewe.

mpigapicha_wete
Narudi na khabari. Vumbi lilikuwa la kufumia jamvi wallahi. Sasa kadi 73, prosesa 80, spidi haishuki. Nikapata tamaa nikaongeza mpaka megahezi 125, nikaona vinukta vya kijani kwenye shela ya bibi harusi, nikadhani nakshi, kumbe vinahamahama. Nimeshuka mpaka 75 nimekomea hapo, na proksi ndo zimenifaa khasa. Ile harusi ya kwanza nimeshaipeleka. Mama mtu kaitizama yote, sasa ananipigia baada ya magharibi anauliza mbona yeye haonekani sana.