Tupeane uzoefu: msiba wa King Majuto ulikukuta wapi?

Mleta mada

Wakuu, habari za leo. Kila Nane Nane ikikaribia, vipande vya mchekeshaji wetu King Majuto vinaanza kuzunguka tena kwenye simu. Safari hii tusiishie kubandika vikatuni vya machozi. Mzee wetu Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, alitutoka usiku wa tarehe 8 Agosti 2018 pale Muhimbili, baada ya kuugua muda mrefu na kupelekwa mpaka India. Wasifu wake kila mtu anao. Ninachotaka ni cha kwako: habari ilikukuta wapi, nani alikuletea, na je, ulilia au ulicheka? Majirani zetu nanyi karibuni na wachekeshaji wenu.

Naanza mimi. Ilikuwa sikukuu, tumejaa kijiweni kwa muuza kahawa, Temeke. Jamaa mmoja akasoma ujumbe kwenye simu, akasema, "Innalillahi, Mzee Majuto." Watu wakanyamaza. Mara fundi viatu, ambaye siku zote hata salamu hupokea kwa kichwa tu, akasimama na kuanza kuutembea ule mwendo wa mzee, wa mtu anayekwenda kumpiga mwenzake huku anaomba Mungu atokee wa kumzuia. Mwingine akamjibu kwa sauti ya mke wa kwenye filamu. Ikawa zamu kwa zamu mpaka saa tano usiku. Mpita njia angedhani tuna harusi.

Abiria wa Ubungo

Mkuu, mimi nilikuwa ndani ya basi. Kesho yake, Alhamisi, nilipanda la asubuhi pale Ubungo kwenda Tanga. Humo ndani kulikuwa na vijana kadhaa waliokuwa wanawahi msibani, unawajua kwa kofia na kanzu zilizotoka kupigwa pasi. Konda naye, kwa mazoea yake, kabla hata hatujaiacha Kibaha akatumbukiza CD. Kutokea kwenye runinga, nani? Majuto mwenyewe, anafoka na mkwe wake.

Basi likalipuka. Kijana mmoja wa kanzu akasimama: "Zima hiyo! Mtu hajafukiwa unamcheka?" Kutoka siti za nyuma mwanamke akadakia: "Ukizima tutamwona wapi tena?" Hoja zikarushwa huku na kule, wengine wakaleta dini, mwingine akasema amelipa nauli na video imo kwenye nauli. Konda akaogopa, akazima, akaweka taarabu. Hapo ndipo alipoharibu zaidi, maana sasa pande zote mbili zilimkasirikia yeye.

Tulipofika Chalinze, bibi mmoja wa kiti cha mbele, aliyekuwa kimya safari nzima, akamwita. "Mwanangu, huyo nilikuwa namtazama jukwaani Tanga wewe hujazaliwa. Akitokeza kichwa tu, watu hoi. Mrudishe, ila sauti iondoe." Konda akafanya hivyo hivyo, sauti sifuri.

Sasa hapo ndugu zangu ndipo nilipojua tulichopoteza. Kutoka Chalinze hadi Segera tulimtazama Majuto anafungua mdomo bila kusikika, na basi zima likawa linamsemea. Kila mstari kuna mtu anaujua. Dereva mwenyewe, macho barabarani, alikuwa anawahi kusema kabla ya wote. Yule kijana wa kanzu aliyegomba alijikaza mpaka Mkata. Baada ya Mkata na yeye akachangia, tena alikuwa anaigiza vizuri kuliko wote.

Wa Muheza

Mmenikumbusha mbali. Sisi wa Muheza msiba huu tuliuanza mapema. Tarehe 26 Novemba 2012 mchekeshaji Sharo Milionea alipata ajali ya gari huku kwetu, akafa kijana kabisa. Wengi wetu tulikuwa tunawajua wawili hao kama jozi: Sharo wa kujivuta, nywele, mapozi, na Majuto wa kumkatisha pozi. Sharo alipozikwa, mama yangu hakuuliza habari za watu wengine wa filamu. Aliuliza, "Na yule mzee atakuwa na hali gani?" Kana kwamba ni mtoto wake wa kumzaa.

Mzee aliendelea kufanya kazi, na alichekesha. Mimi lakini nilikuwa nikimwangalia namtafuta kijana pembeni. Kwa hiyo 2018 kwangu haikunishtua sana, nasema ukweli. Niliguna tu nikaenda kulala.

Jirani wa Siaya

Sisi huku Kenya wetu ni Mzee Ojwang'. Vitimbi, kile kipindi chake cha vichekesho, ilikuwa ikianza kwenye runinga ya KBC, nyumbani kwetu hata mgeni wa heshima anaambiwa asubiri. Baba yangu, Mjaluo wa Siaya wa kufa na kuzikwa, alikuwa na hakika kwamba Ojwang' ni mtu wa Ugenya. Alikuwa hata na nadharia ya ukoo. Alisema Kiswahili kile, lafudhi ile, na ile namna ya kumwogopa Mama Kayai, mke wake wa kwenye igizo, huku anajifanya ndiye mwenye nyumba, havifundishwi, mtu huzaliwa navyo.

Julai 2015 tukasikia amefariki Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Redio ikataja jina lake halisi: Benson Wanjau. Baba akaniambia niongeze sauti. Likarudiwa, Wanjau. "Wanjau wa wapi? Mimi naulizia Ojwang'." Nikamweleza kwamba ni mtu huyo huyo, ni Mkikuyu. Akanitazama kama aliyeuziwa ng'ombe asiye na meno.

Mjue kwamba hiyo ni nyumba ambayo baada ya uchaguzi wa 2007 jina la aina hiyo likitajwa mezani lazima kuna uso utakunjwa. Tulipoteza mali ule mwaka. Mzee akatoka nje akazunguka boma, alivyorudi akakaa akasema, "Basi huyo Mkikuyu alitujua kuliko tunavyojijua." Akataka kujua kama kuna mchango wa mazishi. Kabla ya hapo Wakenya walishamchangia Ojwang' matibabu ya macho, na baba hakutoa hata shilingi, alidai watu wa Ugenya watajipanga.

Mchekeshaji wetu wa pili ni Papa Shirandula, Charles Bukeko, Julai 2020. Huo ulikuwa msiba wa korona. Alikufa Jumamosi, Jumatatu keshazikwa kwao Busia, watu wachache, barakoa. Kwetu magharibi mtu kama yule angezikwa kwa wiki nzima, ng'ombe, ngoma, na majirani wa kuja kula tu. Sikulia kwa sababu sikuamini kama kweli imefanyika.

Nesi mstaafu

Naomba niingie na upande mwingine. Ugonjwa wa Mzee Majuto uliandikwa sana magazetini, na tezi dume ikatajwa bila kuficha. Miezi ile, pale kituo nilichokuwa nafanya kazi, wanaume wa makamo walianza kuja. Hawasemi wanaumwa nini. Anakaa, anazungumza habari za mvua, halafu ghafla: "Nesi, hivi Majuto alianzaje?" Unajua hapo hapo kwamba amekuja kwa ajili yake.

Nilikuwa nawajibu na nawajibu ninyi pia. Ukiamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, mkojo unakatika katika au unachelewa kuanza, ukihisi mkojo haujaisha kibofuni, nenda kapime. Tezi kuvimba si lazima iwe saratani, kwa wengi siyo. Kuna kipimo cha damu cha PSA, na kile cha kidole mnachokikimbia ni cha muda mfupi kuliko mnavyokisimulia vijiweni. Mtu aliyefikisha miaka hamsini asisubiri dalili. Kama kuna mwenye saratani hiyo kwenye ukoo, aanze mapema zaidi.

Mmoja wao alikuwa baba mkwe wangu, mtu mkali, hatuongei naye mambo ya mwili. Alinipigia simu akaanza kwa kunihadithia filamu nzima ya Majuto kuanzia mwanzo. Nikamwacha amalize. Alipomaliza nikamwambia, "Baba, njoo Jumatatu bila kuchelewa." Akaja.

Msema kweli

Mtanichukia lakini tusimpambe marehemu kupita kiasi. Zile CD za mwisho mwisho nyingi zilikuwa za kuungaunga. Sauti inakwaruza, kamera inatetemeka, hadithi haina mwisho, na vichekesho vya kupigana makofi na wanawake vilinichosha. Nilicheka, ndiyo, ila nilikuwa namcheka yeye, si filamu.

Mshika maiki

@Msema kweli, umesema sawa, sasa nikueleze kwa nini. Nilifanya kazi ndogo ndogo kwenye Bongo muvi kwa miaka kadhaa, kushika maiki, kubeba taa, kununua chakula. Filamu ya vichekesho ilikuwa inapigwa kwa siku chache kwa sababu mwenye pesa ameshapanga ikaingie sokoni mwisho wa mwezi. Hadithi yenyewe mara nyingi ni karatasi moja. Mkurugenzi anasema, "Mzee, wewe mkwe amekuja, hutaki kumpa chakula. Twende." Basi. Yote mliyoyaona hapo katikati yanatoka kichwani mwa mzee. Alikuwa akisikia "kata" anarudi kukaa kwenye kiti chake kimya, anaomba maji.

Nilimshuhudia mchekeshaji mmoja, si Majuto, mwingine wa rika lake, anarudia onyesho la kukimbia kwa sababu mshika kamera alisahau kuwasha. Akakimbia tena, tena kwa kuchekesha zaidi. Walipomaliza akatapika nyuma ya gari. Hakuna aliyemwambia apumzike.

Sasa malipo. Unapewa fedha taslimu mara moja, unasaini, kwaheri. Karatasi ile inasema haki zote ni za msambazaji. CD ikiuzwa Dar, Lubumbashi, Bujumbura, ikachezwa kwenye mabasi na vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video kwa kiingilio, nchi nzima, wewe hakuna kinachorudi mfukoni. Matangazo ya biashara nayo hivyo hivyo, sura yako inabaki barabarani mkataba ukiwa umeshakwisha. Mwaka huo huo wa 2018 mzee akiwa kitandani, Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya Majuto ndiyo iliyokuwa mfano midomoni mwa watu. Tulifurahi. Ila mimi nilijiuliza kwa nini lazima mtu awe hoi ndipo mkataba wake usomwe, maana COSOTA, chombo cha hakimiliki, ilikuwepo, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ilikuwepo, na mzee alikuwepo mzima anatembea Tanga na kofia yake.

Kwa hiyo msiba ulinikuta na hasira, sikulia wala kucheka. Samahani kwa kurefusha.

Msema kweli

Nimekuelewa mkuu. Naondoa neno kuungaunga, narudisha kwa wenye pesa.

Kahama moja

Mimi mfupi. Kibanda umiza, Kahama, kiingilio shilingi mia, benchi za mbao, runinga ya kichogo. Mwenye kibanda alikuwa akiweka Rambo watu wanakaa, akiweka Majuto watu wanasimama kwa sababu ukicheka umekaa unamwangusha mwenzio. Siku aliyokufa kibanda kilikuwa kimeshafungwa zamani, kila mtu ana simu. Nilimpigia yule mwenye kibanda kumpa pole. Yeye alidhani nataka kumdai.

Niko Muscat

Huku Oman kuna nyumba nyingi za wazee waliotoka Unguja na Pemba. Naendesha gari la familia moja kama hiyo. Bibi wa nyumba anazungumza Kiswahili kitamu, wajukuu wanajibu Kiarabu. Ila hao wajukuu walikuwa wanajua kugombana kwa Kiswahili! Nani kawafundisha? Majuto, kwenye simu ya bibi. Mtoto wa miaka saba anamwambia dereva mzima, yaani mimi, "Wee mzee vipi, akili zako zimekwenda likizo?" Bibi anacheka mpaka anashika mbavu, hamkanyi.

Habari ilipofika nilimwambia yeye kwanza, garini, tukitoka sokoni Mutrah. Akaniambia nisimamishe gari. Akasoma Fatiha. Halafu akaniuliza, "Kwani alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia sabini. Akasema, "Mtoto huyo." Yeye alikuwa anakaribia tisini. Usiku wajukuu wakamwomba simu wamtazame, akakataa siku tatu, siku ya nne akawapa.

Mleta mada

Asanteni wakuu, nasoma zote. @Nesi mstaafu, ujumbe wako nimeuhamishia kwenye grupu la ukoo, wajomba wote wameuona na hakuna aliyejibu, kwa hiyo najua umefika. @Jirani wa Siaya, mzee wako alichanga kiasi gani mwishowe?

Kuna mdau kanifuata pembeni anasema ana kisa cha mchekeshaji Mzee Small, Said Ngamba, aliyetutoka Juni 2014 baada ya kusumbuliwa na kiharusi. Anadai aliwahi kumwona Bi Chau, mwigizaji mwenzake, anamgombeza Mzee Small kwenye foleni, nje ya filamu kabisa, kwa kosa la kwenye filamu. Nimemwambia aje aiandike mwenyewe hapa, mimi siwezi kuisimulia bila kuiharibu.

Jirani wa Siaya

Mia tano, na jogoo. Jogoo hatukujua tumpeleke kwa nani, tukamla.