Naomba ushauri: leseni juu ya kila faili la programu

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanjelwa, Mbeya. Kwa baridi hii hata vidole vinagoma kwenye kibodi. Nina kaprogramu ka kurekebisha ruhusa za mafaili, kama chmod (amri ya Linux ya kubadili ruhusa hizo), ila kanakuuliza kwanza kabla hujaweka 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu. Nataka kukatoa kwa GPL toleo la 3, leseni ya programu huria.

Jana nilibandika leseni juu ya #!/usr/bin/env python3 (mstari wa kwanza unaoiambia kompyuta iendeshe faili kwa Python), mafaili yote yakagoma. Nimeishusha chini yake, yamepona.

Sasa, mstari mmoja wa SPDX-License-Identifier: GPL-3.0-or-later (alama fupi ya kutaja leseni) unatosha, au niweke tangazo zima la leseni? Na mafaili mawili aliandika rafiki yangu wa Iringa, simu hapokei. Hakimiliki niandike jina la nani?