Naombeni ushauri: nimepewa kufundisha wenzangu maadili ya biashara, sijui naanzia wapi

Njia Panda
Wakuu habarini za jioni. Mimi ni afisa utumishi kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, tunashona na kufungasha vitu vinavyoenda nje. Sasa mteja wetu mkubwa wa Ulaya ametuma barua, anataka wafanyakazi wote tufundishwe maadili ya biashara halafu tusaini fomu, la sivyo oda ya mwakani tuisahau. Bosi akaniangalia mimi akasema wewe si ndo mtu wa watu, Jumatatu asubuhi dakika 40, waambie maadili ya biashara ni nini, yametoka wapi mpaka yakafika hapa. Wakuu toka Alhamisi sijalala. Hayo mambo chuo tuliyapita juu juu tu. Nisaidieni nianzie wapi, na pia je ni lazima mtoa mada naye asaini fomu siku hiyohiyo au anaweza akasaini baadaye?

Mwalimu Zamu
Anzia mbali mkuu, usiwaache wakadhani ni mambo ya wazungu. Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, Mithali 11. Suratul Mutaffifin inaanza na ole wao wapunjao, wale ambao wakipimiwa wanataka kijae na wakikupimia wewe wanapunguza. Kwa hiyo mfanyabiashara kuambiwa usiibe ni habari ya tangu enzi. Kipya ni hili somo lenye jina lake, na hilo limepata nguvu Marekani miaka ya 1970. Mwaka 1970 mchumi Milton Friedman aliandika kwenye gazeti la New York Times kwamba jukumu la biashara ni kuongeza faida, ilimradi ifuate sheria za mchezo. Watu mpaka leo wanabishana naye. Halafu ikaja kashfa ya Lockheed, watengeneza ndege, ikajulikana wamekuwa wakihonga wakubwa wa nchi za watu, mpaka Tanaka aliyekuwa waziri mkuu wa Japani akakamatwa 1976. Mwaka uliofuata Marekani wakatunga sheria kwamba kampuni yao ikihonga afisa wa nchi nyingine ni kosa huko huko kwao. Hapo tayari una dakika 15.

Njia Panda
Mwalimu ubarikiwe sana, nimenakili yote. Hizo dakika 25 zilizobaki?

Mzee wa Lumbesa
Hizo 25 ongelea lumbesa maana hapo ndo maadili yanapolalia. Mimi nimetoa viazi Njombe miaka 9. Mkulima anakwambia gunia moja, ww unakuja na gunia lako unashonea na kilemba juu, gunia moja linakuwa moja na nusu, bei ileile. Serikali imepiga marufuku, Wakala wa Vipimo wanakaa barabarani, mnafika getini mnapunguza, mkishapita mnashonea tena. Nilifanya hivyo na sikuwahi kujiona mwizi hata siku moja, nilijiona mjanja. Mpaka baba mkwe wangu, naye mkulima, akaniuliza siku moja tukiwa tunakula, hivi nyie wanunuzi huwa mnajifunza wapi kushona. Sikujibu. Niliacha viazi mwaka uleule, sasa hivi nauza mbao.

Kijiti cha Mua
Ukaacha viazi ukaenda kwenye mbao, yaani ulikimbia mvua ukaingia mtoni 😂😂

Mzee wa Lumbesa
Kijiti mbao zangu zina vibali vyote usinichafulie.

Shangazi Mkali
Mimi nimeona kitu kimoja tu kwenye huu uzi na nashangaa wanaume mmekipita. Mtu anaulizia historia, sawa. Kwa nini anauliza kama anaweza kusaini BAADAYE? Fomu ya dakika mbili, asiyekuwa na kitu anasaini anaenda kunywa chai.

Njia Panda
Shangazi ni swali la kawaida tu, nataka kujua utaratibu.

Ngosha wa Ilemela
Usisahau historia ya kwetu. Azimio la Arusha 1967 lilishasema kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hayo masharti yakaja kulegezwa Zanzibar 1991, halafu 1995 ikatungwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma, hawa wa kujaza fomu za mali. Katikati hapo kuna 1983, msako wa Sokoine wa wahujumu uchumi. Babu yangu alikuwa na duka, usiku akazika maboksi ya sabuni shambani, mvua zikaja, asubuhi shamba zima povu. Bibi anasimulia mpaka leo anacheka lakini babu hakuwahi kucheka. Alikuwa akisema mimi sikuiba, nilinunua kwa hela yangu. Na ni kweli hakuiba, ila mtaa mzima ulikuwa unaogea majivu na yeye anayo.

Kijiti cha Mua
Weka na chenji ya rada. BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza iliyotuuzia rada, walikiri mahakamani Uingereza mwaka 2010 kwamba hawakuandika vizuri hesabu za ile biashara, wakatulipa pauni milioni 29.5, tukanunua vitabu na madawati. Nchi ya kwanza kuuziwa rada ikarudishiwa chenji ya kiada.

Binti Kariakoo
Kwa vile nyie mnashona nguo za nje waambie wenzako huyo mteja hakuota tu usiku akaandika barua. Aprili 2013 lile jengo la Rana Plaza kule Bangladesh liliwaangukia mafundi cherehani, wakafa zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa chini ikawaondoa watu wake, mafundi wakaambiwa rudini kazini oda inachelewa. Baada ya pale wanunuzi wa Ulaya hawakuwa tena na pa kusema sisi tunanunua shati tu, mambo ya kiwandani hayatuhusu. Ndo chanzo cha makaratasi mengi mnayosainishwa.

Wakili Uchwara
Mimi narudi kwa Shangazi. Mleta uzi, hiyo fomu inauliza nini hasa?

Njia Panda
Inauliza mambo mengi, zawadi, hongo, utunzaji wa siri, na kuna kipengele cha kama wewe au mtu wa familia ana maslahi kwenye kampuni inayotuuzia kitu.

Wakili Uchwara
Na jibu lako kwenye hicho kipengele ni lipi?

Njia Panda
Wakuu naomba tusitoke nje ya mada.

Shangazi Mkali
HIYO NDO MADA

Njia Panda
Ok ngoja niseme maana naona hamtaniacha. Chakula cha mchana cha wafanyakazi analeta mke wangu. Ni mwaka wa pili sasa. Lakini kabla hamjanihukumu, kwanza kampuni imesajiliwa BRELA kwa jina la shemeji yangu, mdogo wake mke, kwa hiyo kisheria siyo yangu wala ya mke wangu. Pili sahani 2,800 wakati yule wa zamani alikuwa 3,500 na wali wake wa mawe. Sahani 160 kila siku, piga hesabu kampuni imeokoa shilingi ngapi. Tatu mwaka mzima hakuna mtu aliyeharisha. Sasa hapo nimemuibia nani? Mimi nimeisaidia kampuni.

Kijiti cha Mua
Mada ya maadili inatolewa na mume wa mama wa kantini 😂😂😂 nipisheni nikanunue karanga

Fadhila Tele
Mpendwa, fedha isiyo halali ni kama maji kwenye tenga. Ungama, tubu, Mungu atakufungulia mlango mwingine. Mimi mwenyewe niliacha kazi bandarini mwaka 2016 kwa sababu ya dhamiri na leo nina duka la vifaa vya shule.

Ngosha wa Ilemela
Njia Panda nikuongezee, lile Azimio nililolisema lilimaliza kabisa hiyo habari ya jina la mke. Waliandika kwamba kiongozi maana yake ni mtu na mkewe, au mwanamke na mumewe. Mwaka 1967 hiyo. Walishajua mtapitia wapi, ila shemeji hawakumfikiria.

Jobless Msomi
Mnamuonea. Sekta binafsi hiyo, hela ya mhindi, siyo ya umma. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kila kampuni hapa mjini wanaosafisha, wanaolinda na wanaochapisha fulana ni ndugu wa mtu.

Wakili Uchwara
Jobless hapo unampoteza mwenzio. Watu wengi wanadhani rushwa ni ya serikalini tu. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 kifungu cha 15 kinamgusa mtu yeyote anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine, hata mwajiri akiwa binafsi. Siyo kila ndugu anayeuza kitu ni rushwa, nakubali. Ila swali linakuwa mwajiri alijua?

Mhasibu Mstaafu
Vijana, nimekaa kimya nasoma. Nilikagua hesabu miaka 31. Bei kwangu siyo hoja, bei nzuri inaweza kutoka popote. Nina swali moja kwa mleta uzi. Kampuni ya watu 160 lazima ilidai kotesheni tatu, yaani karatasi za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Moja ya shemeji. Zile mbili zilitoka wapi?

*(Saa nne baadaye)*

Njia Panda
Mzee shikamoo. Zile mbili nilizitafuta mimi.

Mhasibu Mstaafu
Marahaba. Ulizitafuta au uliziandika?

Njia Panda
Kuna rafiki zangu wawili wana kampuni za usafi na za shughuli, niliwaomba wanipe karatasi zenye nembo, nikajaza bei za 3,600 na 3,900. Kamati ilikuwa inachelewa na yule mtu wa zamani alishasusa, wafanyakazi wangekula nini? Ilibidi mtu afanye kitu. Na hata ningetafuta za kweli zingekuja juu ya 2,800 tu, matokeo yangekuwa yaleyale.

Mhasibu Mstaafu
Mwanangu hujui kama yangekuwa yaleyale, kwa sababu hukuuliza. Nikupe kisa cha kuweka kwenye mada yako. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, walikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa 64, toleo la mwaka 2000 limetanguliwa na barua ya mwenyekiti wao Kenneth Lay. Wakati huohuo mkuu wao wa fedha, Andrew Fastow, alikuwa na vijikampuni pembeni vinafanya biashara na Enron yenyewe, anakaa pande zote mbili za meza. Na bodi ilikuwa inajua! Ilikaa ikapitisha kwamba kwake kile kipengele kiwekwe kando. Akavuna zaidi ya dola milioni 30. Desemba 2001 kampuni chali, yeye akaishia jela. Mwaka 2002 Marekani wakatunga sheria, na humo kuna kipengele kinasema kampuni ikimruhusu mkuu wa fedha aruke kanuni ya maadili lazima itangaze hadharani. Fastow angalau aliomba ruhusa. Wewe hata hiyo huna.

Teacher's Pet
Samahanini wazee lakini mnachezewa. HII NI CHAI, hadithi ya kutunga. "Maadili ya biashara ni nini, yametoka wapi mpaka yakafika hapa" hicho ni kichwa cha asainimenti ya mwaka wa kwanza, mimi niliifanya. Angalieni mtiririko: kaomba historia, kapewa historia, akaomba dakika 25 zaidi, sasa kapata na kisa cha mfano chenye mgongano wa maslahi na kotesheni za kughushi. Kilichobaki ni hitimisho tu akakusanye. Mtu mwenye tatizo la kweli hawezi kusema "nimenakili yote".

Kijiti cha Mua
Daah. Chai ya maziwa kabisa, na chapati za shemeji.

Binti Kariakoo
Ila kweli, mtu hajalala toka Alhamisi halafu anajibu kwa aya zilizopangika hivyo?

Mwalimu Zamu
Kama ni asainimenti nataka jina langu liwekwe.

Njia Panda
Jamani naapa siyo chai. Nina miaka 38 nina watoto watatu, asainimenti ya nini? Hii hapa LPO (karatasi ya oda) ya mwezi uliopita nimefuta majina.
*[picha]*

Teacher's Pet
Umesema sahani 160, hapa imeandikwa 180. Chai imemwagika.

Njia Panda
Oda ikiwa kubwa tunaongeza vibarua!! Na wao si wanakula?

Wakili Uchwara
Mkuu toa hiyo picha HARAKA. Umefuta majina lakini TIN, namba ya mlipa kodi, imebaki, na anwani ya kiwanda inasomeka kwenye muhuri.

Njia Panda
Nimeitoa.

Kijiti cha Mua
Tumeshaona. Hata mimi nilikuwa upande wa chai lakini hakuna mwanafunzi anayeweza kuwa mjinga kiasi hicho, hii ni kweli tupu.

Shangazi Mkali
Na aliyesaini hapo chini kwenye "imepokelewa na" ni nani? Maana sahihi yake na ya juu kwenye "imeombwa na" ni mkono mmoja.

Njia Panda
Mtunza stoo alikuwa likizo.

Mhasibu Mstaafu
Jumapili hii nenda kwa bosi wako nyumbani, kabla ya mada, kabla ya fomu. Mwambie habari ya mke, mwambie na habari ya zile kotesheni. Ukimwambia moja ukaficha nyingine ni bora ukae kimya.

Jobless Msomi
Akienda Jumapili, Jumatatu anakuja kuungana na mimi huku. Karibu mkuu, kuna nafasi.

Njia Panda
Wakuu nawashukuru wote, hata mlionitukana. Nimeongea na mke wangu usiku huu. Hakubisha, aliuliza kitu kimoja tu, lile deni la friza tutalipaje, maana tulichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na bado miezi 7. Bosi ni mtu wa hasira, nikienda nyumbani kwake ataona namtisha. Kwa hiyo nimewaza hivi, mada nitatoa vizuri kabisa, hadi ya Enron nitaisema, isipokuwa ile ya vijikampuni vya pembeni nitaipitia haraka. Fomu mimi ndo nachapisha. Nitachapisha pungufu moja.

Shangazi Mkali
😳

Mzee wa Lumbesa
Huyo shemeji viazi anachukulia kwa nani?