"The" na "a": wanafunzi wa Bukavu waanzie wapi?

Swali: Walimu wenzangu, wanafunzi wa sekondari hapa Bukavu, Kongo, wanaandika "I bought book", halafu "The life is hard". Nianze na kosa lipi?

Jibu: Mwalimu, mizizi ni tofauti. La kwanza linatoka kwenye Kiswahili, kisicho na neno kama "a" mbele ya nomino. La pili ni Kifaransa: "la vie est dure". Kwa jambo la jumla Kiingereza huacha wazi: "Life is hard".

Jibu: Anza na Kiswahili chenyewe. "Umeona kitabu?" kwa kawaida ni chochote. "Umekiona kitabu?" ni kile tunachokijua sote, hiyo -ki- ndiyo jirani wa "the". Kisha kwa kila nomino waulize: msikilizaji anajua ni kipi? Anajua, "the". Hajui, na ni kimoja cha kuhesabika, "a". Hajui, na ni wingi au kisichohesabika kama "water", acha wazi. Hapo "some water" pia inafaa.

Jibu: Na "an" hufuata sauti, si herufi: "an hour", lakini "a university".

Jibu: Majina ya mahali yatenge kabisa. "Lake Kivu" haina "the", mto ni "the Ruzizi". Swali la msikilizaji haliokoi hapo, wakariri tu.