Tupeane uzoefu: kugawa diski kubwa (hard disk) kwenye Windows za zamani

Wakuu, habari za jioni. Kompyuta ya stationery yangu bado inatumia Windows XP, maana programu ya mashine ya kukatia stika haikubali toleo jingine. Diski yake ya GB 40 imeanza kugonga, nimepata ya GB 500. Kabla sijaigawa, naomba waliopita njia hii waseme yaliyowakuta. Naanza na langu.

Mwaka 2005 nilikuwa na studio ya picha na diski ya GB 160. Niliigawa vipande viwili nikiwa na XP SP2 (SP ni Service Pack, kifurushi cha masasisho; hicho ni cha pili): C ikapata GB 20, zote zilizobaki nikaipa D. Baadaye virusi vikanizidi, nikaazima CD ya XP ya mwanzo kabisa, ile ya 2001, nikaifomati C peke yake. D ikaonekana na mafaili yake yote, nikashukuru Mungu, nikaendelea kumimina picha za harusi humo. Siku D ilipokaribia kujaa, mashine ikagoma kuwaka. Nikaichomeka diski kwenye mashine nyingine: majina ya folda yamegeuka alama zisizosomeka.

Sababu niliielewa nimeshachelewa. XP isiyo na SP1 inahesabu sekta (visehemu vidogo vya diski) kwa biti 28, yaani sekta milioni 268 na ushee za baiti 512 kila moja, na hapo ndipo GB 137 zinapoishia. Ukiandika kuvuka hapo, hesabu inarudi sifuri na data inaangukia mwanzo wa diski, juu ya Windows yenyewe. Kuna bibi harusi nilimrudishia pesa yake yote. Picha zake sikuzipata, na mpaka leo inaniuma.

Fundi wa Mbagala: Pole sana mkuu. Dalili unaiona mapema. Kwenye skrini ya bluu ya kuweka XP, kabla hujabonyeza herufi C ya kuunda patisheni (kipande cha diski), soma ukubwa wa diski. Diski ya 500 inatakiwa isome kama MB 476,940. Ukikuta 131,069, yaani ule mpaka wa GB 137 kwa hesabu ya Windows, CD hiyo haina SP1. Itoe, usigawe chochote.

Dada Mhasibu: Mimi ni wa Windows 98. Ofisini tulinunua diski ya GB 80, fdisk (programu ya kugawa diski) ikasema ina MB elfu kumi na kidogo. Bosi akataka tuirudishe dukani, akiamini tumeuziwa feki. Kumbe fdisk ile ikikutana na diski inayozidi GB 64 inapunguza 64 nzima kwenye hesabu. Ilitoka fdisk mpya ya kurekebisha hilo, tukaipata, namba ikakaa sawa. Na lile swali la kwanza la fdisk, kama iwezeshe diski kubwa, mjibu Y. Ukijibu N unapata FAT16 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili), vipande vya GB 2 tu.

Mzee wa Video: Wakati wa kufomati chagua mfumo wa NTFS, kaka, siyo FAT32. FAT32 haipokei faili la kufika GB 4, na XP yenyewe haikubali kufomati FAT32 inayozidi GB 32.

Fundi wa Mbagala: Nimesahau jambo. Kama diski ni ya sekta za 4K (baiti 4096 kila moja), usiigawe kwa XP. XP inaanzisha patisheni kwenye sekta ya 63, haikai sawa na sekta halisi, na uandishi unakuwa mzito mno. Igawe kwa GParted (programu ya bure ya kugawa diski) au Windows 7 ianzie sekta ya 2048, kisha weka XP bila kuifuta patisheni hiyo. Ukipata skrini ya bluu ya 0x7B, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), utoe SATA kwenye AHCI uiweke IDE, njia ya zamani ambayo XP inaielewa.

Mwenye mada: Asanteni sana. Nimechomeka diski na kuweka CD yangu sasa hivi: 131,069. Nimeitoa. Kesho natafuta ya SP3, nitaleta mrejesho.