Seti ya redio ya AM ya kujiundia, haijaundwa tangu miaka ya 1970: vipuri vyake bado vinafaa?

KoiliNyekundu
Wakuu, nina seti ya redio ya AM, transista 6 za jerimaniamu, betri ya volti 9. Haijaguswa. Natamani kuiunda vilevile kitabu chake kinavyoelekeza, kwa vipuri vya asili vyote. Kuna vya kuogopa?

FundiMawimbi
Hongera mkuu, hiyo ni hazina. Ila kapasita za elektroliti usizifunge. Zikikaa miaka bila umeme, utando wa oksidi juu ya alumini huharibika, ukiwasha zinavujisha mkondo, nyingine zimeshakauka. Weka mpya za thamani ileile, volti 16 au 25. Za seramiki ziache.

Rezista za kaboni pima moja moja kabla ya kulehemu. Unyevu huzipandisha: ya kilo-omu 47 waweza kuikuta 58. Ukiruka hatua hii, transista itapata volti zisizo zake nawe utahangaika na koili zisizo na kosa.

Miguu iliyoingia weusi isugue kwa msasa laini hadi ing'ae, la sivyo lehemu itajikunja tone bila kushika. Tumia lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40) yenye rosini. Fluksi ya mafundi bomba ina tindikali, itakula njia za shaba.

Na fuata mpangilio wa kitabu. Heathkit, kampuni ya Marekani ya seti za kujiundia, walioanza kuuza osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) ya kujiundia mwaka 1947, waliweka mabano ya kutia alama kila hatua. Raha yote iko hapo, na makosa hupungua sana.

Kilohezi455
Naongezea. Jerimaniamu haivumilii joto: bana mguu kwa koleo ya mdomo mrefu, kati ya kiungo na mwili wa transista, ulehemu sekunde 3 tu. Redio ikiwaka, bezi na emita (miguu miwili ya transista) zitapishana volti 0.2 hivi badala ya 0.6 ya transista za silikoni, usidhani imekufa. Nyingi ni PNP (aina inayotaka volti hasi), hivyo ardhi ya sakiti mara nyingi ni chanya. Angalia usigeuze kapasita mpya.

Ukikuta transista za AF114 hadi AF117, nywele za bati huota ndani na kugusa ganda. Kata mguu wa ganda. Mara nyingi inafufuka.

KoiliNyekundu
Asanteni sana. Kuitegesha, yaani kurekebisha koili zake zishike vituo vizuri, bila jenereta ya mawimbi inawezekana?

Kilohezi455
Inawezekana. Tafuta kituo dhaifu, maana chenye nguvu huamsha AGC (sakiti inayopunguza nguvu yenyewe) na kilele hutakisikia. Zungusha transfoma za IF (masafa ya kati, ambayo redio hugeuzia kila kituo) taratibu, ukianzia ya mwisho kurudi ya kwanza, kwa bisibisi ya plastiki. Ya chuma hubadilisha koili, ukiitoa tu umepotea. Kisha karibu na kHz 600 rekebisha koili ya osileta (sakiti inayozalisha mawimbi ndani ya redio) na usogeze koili ya antena kwenye feraiti. Karibu na 1400 rekebisha trima (kapasita ndogo za kurekebishwa). Rudia hadi zitulie, kwa kuwa kila upande huvuruga mwingine.

Ikipiga mluzi kwenye kila kituo, hatua ya IF inatoa mawimbi yake yenyewe: kagua kwanza kapasita ya kusafisha laini ya betri.