Naomba ushauri: maonyesho ya Vita vya Majimaji, sauti za nani ziingie na kwa namna gani?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Tunaandaa maonyesho ya Vita vya Majimaji (1905–1907) hapa Ruvuma. Ni chumba kimoja tu, na wageni wengi watakuwa wanafunzi.

Kwa mashujaa sina shida: Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa, na Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906. Kazi iko kwa wengine. Waliochoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu kuliko risasi, wengi walikuwa askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani, na wapo watakaokuja ambao babu zao walivaa sare ile. Wandendeule nao walishatawaliwa na Wangoni kabla Mjerumani hajafika, kwa hiyo wana yao ya kusema. Na Nkomanile, mwanamke aliyenyongwa pia, sitaki awe mstari mmoja chini ya picha ya wanaume.

Nafikiria kuweka ripoti ya ofisa wa Kijerumani na simulizi la mzee bega kwa bega, kuhusu vijiji vilevile, herufi za ukubwa uleule. Mwenzangu anahofia watoto wataona zote zina uzito sawa. Hoja yake inaniumiza kichwa.

Halafu zile picha za watu wenye minyororo shingoni. Mimi naona zisitundikwe mlangoni, kwani hao ni babu za watu.

Aliyewahi kufanya kazi hii anisaidie: wazee wa koo mliwashirikisha kabla ya kuandika maelezo, au mliwaletea yakiwa tayari?